Nani Aliunguza Koti la Mwalimu Mkuu?

Jumatatu saa nne asubuhi, mbele ya wageni, wazazi na shule nzima, Mwalimu Mkuu aligeuka kukata utepe wa maktaba mpya, na watu wote wakauona mgongo wake.

Katikati ya koti lake jeupe kulikuwa na pasi. Si pasi yenyewe, alama ya pasi. Kahawia, ncha juu, kitako chini, imekaa hapo kama muhuri wa posta.

Halafu mtoto mmoja wa chekechea, na hao hawana breki, akauliza kwa sauti, "Mbona Mwalimu amepigwa pasi akiwa ndani ya nguo?"

Kicheko kilichotoka hapo kilisikika mpaka barabarani.

Sindano hakucheka. Sindano si jina lake la kuzaliwa, alipewa mtaani kwa sababu mbili: ni mwembamba, na ukimgusa vibaya anachoma. Alikuwa darasa la sita, amesimama mstari wa mbele, na koti lile alikuwa analijua. Alilibeba mwenyewe Ijumaa kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, kutoka kwa dobi mpaka ofisi ya shule. Na dobi ni bibi yake.

Bibi alikuwa amealikwa. Alikaa kiti cha safu ya tatu, amevaa gauni lake zuri. Sindano alimwona anasimama, anachukua mkoba wake, anatoka kati ya viti taratibu bila kumtazama mtu. Nyuma yake mzazi mmoja akasema, "Huyo ndiye dobi mwenyewe," na kicheko kikaanza upya.

Hapo hapo, kabla hata utepe haujaanguka, Sindano akaapa. Aliyefanya hivi atalipa. Hatalipa kidogo.

Jioni ile Bibi alichomoa waya wa pasi ukutani, akauzungusha kwenye mpini, akaifunika kwa kitambaa. Chumba chao kilikuwa kimoja, nusu kazi nusu kulala. Meza ya pasi katikati, kamba za nguo juu, mabeseni mlangoni, na nyuma ya pazia kitanda cha Bibi na godoro la Sindano. Sindano ameishi hapo tangu ana miaka mitatu. Baba yake ni dereva wa lori la masafa marefu, humwona mara moja kila miezi miwili, tena amelala.

"Miaka arobaini," Bibi alisema, "sijaunguza hata leso. Sasa nimeunguza koti zima na sikuona. Maana yake macho yamekufa. Dobi asiyeona afadhali dereva asiyeona."

"Bibi, hukuunguza! Mimi nililiona Ijumaa, lilikuwa safi!"

"Ulilibeba limekunjwa. Uliuona mgongo?"

Sindano hakuuona.

"Basi. Jumamosi namrudishia mwenye nyumba ufunguo wake. Mimi nitakwenda kukaa kwa shangazi yako, ana chumba cha ziada. Wewe utakwenda kwa baba yako mkubwa."

Baba mkubwa alikuwa anaishi mbali, siku nzima ya safari, na ana watoto tisa wanaogombania mto mmoja. Lakini hilo halikumuuma Sindano kama ile sauti ya Bibi. Bibi alikuwa mtu wa kugombana. Aligombana na mawingu nguo zikiwa kambani. Sasa alikuwa anaongea kama mtu anayesoma tangazo la watu wengine.

Sindano akafungua daftari lake la hesabu, ukurasa wa nyuma, akaandika: KISASI. Chini yake akaandika jina moja: Mvuke, dobi mpya wa mtaa.

*

"Kwa nini Mvuke?" aliuliza Redio kesho yake.

Redio ni rafiki yake, mtoto wa mwenye saluni ya jirani. Anaitwa hivyo kwa sababu akiwaka hazimiki.

"Hebu fikiria. Nani alipewa kazi ya Bibi ya shuka za bweni Jumatatu ile ile?"

"Mvuke."

"Nani alikuwa ofisini kwa Mwalimu Mkuu Ijumaa, anatundika mapazia?"

"Mvuke. Mh! Na kile kibao chake, Dobi wa Kisasa, kama wengine ni wa zamani za mawe. Mimi tangu zamani simpendi, viatu vyake vinalia. Lakini Sindano, kuna kitu. Ule uzi."

Uzi. Ndiyo ilikuwa shida yenyewe.

Bibi ana utaratibu wake. Nguo ikiingia kwake, anaitia alama ya uzi: mishono mitatu kwenye bitana, chini ya kola, na fundo. Uzi unabaki humo nguo ikifuliwa, ikipigwa pasi, mpaka ikirudi kwa mwenyewe. Mwenye nguo ndiye anaukata siku ya kuvaa, na asipoukata unamtekenya shingo mpaka aukate. Kwa hiyo ukikuta uzi upo, ujue hakuna aliyeigusa nguo tangu itoke kwa Bibi. Mtaa mzima unajua hivyo.

Na Mwalimu Mkuu aliapa mbele ya watu: asubuhi ile uzi aliukuta, akaukata mwenyewe kwa mkasi wa ofisini. Sasa kama uzi ulikuwepo, nani mwingine aliunguza zaidi ya Bibi?

"Mvuke alipitisha pasi bila kukata uzi," Sindano alisema.

"Inawezekana?"

"Itawezekana tu. Tukilipata koti, tutalilinganisha na pasi yake. Alama itamkamata."

"Na tukishamkamata?"

Sindano akatoa mfukoni soksi moja nyekundu, mpya, ya kitambaa kibaya kinachotoa rangi kama kidonda. "Hii inaingia kwenye mashine yake pamoja na shuka nyeupe za bweni zima. Atazitoa zote za pinki. Wavulana wa bweni watalala kwenye pinki mwaka mzima."

Redio alicheka mpaka akakaa chini. "Wewe una roho mbaya!"

"Hawajaiona bado."

Lakini koti liko wapi? Jibu walilipata kwa Shangazi. Shangazi ni mtoto wa mwisho wa Bibi, na ndiye karani wa shule. Ofisi yake iko mlangoni kwa Mwalimu Mkuu. Mwanamke mzuri, mcheshi, kucha nyekundu, na kila akimwona Sindano anampa peremende kutoka kwenye droo.

"Koti? Acha tu, mwanangu," alisema, akimsukumia peremende mbili. "Mwalimu Mkuu alilikata kwa hasira. Mbele na mikono ametupa. Mgongo ameukata vipande sita akagawa madarasani, viwe vifutio vya ubao. Alisema angalau litafanya kazi. Mwache Mama apumzike, amefanya kazi ya kutosha. Macho hayana spea."

Sindano akatoka nje, peremende mdomoni.

"Vipande sita," alimwambia Redio. "Madarasa sita. La kwetu tu halikupata."

*

Waliiba vifutio siku mbili. Niseme ukweli, waliiba. Ila kila walipochukua kimoja waliacha kingine kizuri zaidi, kilichokatwa kwenye taulo la saluni la mama yake Redio. Mama yake Redio alilitafuta taulo lile wiki nzima akamsingizia mteja.

Darasa la kwanza, la pili na la tatu yalikuwa rahisi, watoto wa huko ukiwaambia umetumwa na mwalimu wanakupa hata dawati. La nne waliingia wakati wa michezo. La tano kifutio kilikuwa kimefungwa kamba kwenye msumari, Sindano akakifungua kwa meno.

Ikabaki darasa la saba, kwa mwalimu wa hesabu. Yule hakiachi kifutio mezani. Anatembea nacho mkononi, na mtoto akipiga kelele anamrushia. Na hakosi.

"Basi mtu lazima apige kelele," Sindano alisema.

Wakaangaliana. Halikuwa swali gumu.

Alhamisi, saa ya hesabu, Redio akasimama kwenye dirisha la darasa la saba akaanza kusimulia kwa sauti ya tangazo, "Ndugu wasikilizaji, leo mwalimu wetu amevaa soksi mbili zisizofanana!" Hata hakuwa amemaliza. Kifutio kilipita dirishani kama jiwe la manati kikamkuta katikati ya paji la uso, wingu la chaki likapanda. Redio akakidaka kikianguka, akakimbia.

"Nimepata," alisema nyuma ya choo, uso mweupe kama mzimu. "Lakini kisasi chako kinaniuma mimi."

Wakakung'uta chaki, wakavipanga vipande sita sakafuni kwa Redio, Sindano akaviunga kwa mshono mpana. Alama ya pasi ikarudi, nzima, imejaa chaki pembeni. Sindano aliitazama mpaka macho yakamwasha. Akaweka mkono juu yake, kama inachoma bado.

"Kesho," alisema, "Mvuke atalia."

*

Duka la Mvuke lilikuwa na mashine mbili zinazonguruma na sakafu ya vigae. Ijumaa baada ya shule Redio aliingia mbele kuuliza bei za mazulia, ambayo kwao hawana hata moja. Sindano akapita pembeni, koti chini ya kwapa, soksi mkononi. Mashine ya pili ilikuwa wazi, imejaa shuka za bweni. Akanyoosha mkono.

"Hiyo soksi ina mwenzake, au nayo ni yatima?"

Mvuke alikuwa amesimama nyuma yake, kijana mrefu mwenye aproni, viatu havikulia hata kidogo. Sindano alishtuka, lakini hakukimbia. Akasogea mbele badala ya nyuma.

"Wewe ndiye uliunguza koti la Mwalimu Mkuu!"

"Mimi?"

"Ulitaka kazi ya shule! Bibi yangu anafunga duka kwa sababu yako, ana miaka arobaini kwenye kazi hii, na wewe una miezi minne na mashine za mkopo!"

"Haya ya mkopo nani kakuambia?" Mvuke aliangalia soksi, akaangalia shuka, akaelewa, akashika kichwa. "Wewe mtoto ni jambazi! Shuka sitini! Haya, unataka nini? Ushahidi? Lete."

Alichukua pasi yake ikiwa baridi, akaiweka juu ya alama. Ikaenea sawasawa, ncha kwa ncha.

"Unaona!" Sindano alipiga kelele.

"Ngoja." Mvuke akatoka, akarudi na pasi ya mama muuza vitumbua wa pembeni. Hiyo nayo ikaenea sawasawa. Akaleta ya fundi cherehani wa upande wa pili. Sawasawa. "Pasi zote za mtaa huu tumenunua duka moja. Ukitaka kunifunga kwa hii, funga mtaa mzima. Halafu nikuambie kitu kingine. Mtu anayejua kazi haunguzi hivi. Hapa pasi imeachwa imelala. Huyu aliitikia simu au alikwenda kuangalia kitu jikoni. Bibi yako hata nyumba ikiungua angesimamisha pasi kwanza."

Kilichomuuma Sindano zaidi ni kwamba maneno yale yalikuwa ya kumsifu Bibi. Mtu ukishamchukia wiki nzima si vizuri akianza kuongea vizuri.

"Bado sikupendi," alisema.

"Na mimi sikuombi. Niachie soksi."

Sindano alilichukua koti kwa hasira, likageuka upande wa bitana. Na hapo, chini ya kola, kwenye kipande cha juu kabisa, ndipo akaona. Mwalimu Mkuu alikata uzi kwa haraka, hakuung'oa. Fundo na mshono mmoja vilibaki kwenye bitana.

Uzi ulikuwa wa zambarau.

"Redio," alisema polepole. "Mwalimu Mkuu alileta koti siku gani kwa Bibi?"

"Jumanne. Nilikuwepo. Alikanyaga beseni."

Sindano akaanza kuhesabu siku kwa vidole.

Kuna kitu ambacho mtaa haukujua, kwa sababu Bibi hakumwambia mtu. Ni mambo ya ndani ya nyumba. Uzi una rangi ya siku. Jumatatu nyekundu, Jumanne buluu, Jumatano kijani, Alhamisi nyeusi, Ijumaa njano, Jumamosi zambarau. Bibi akiona rangi anajua nguo imeingia lini na ipi ianze kutoka. Ukikulia nyumba ile, hufikirii. Unaamka, unajua leo siku gani, mkono unakwenda wenyewe kwenye kopo la nyuzi.

Koti liliingia Jumanne. Uzi wake ulikuwa buluu, Sindano alimwona Bibi akiutia. Ijumaa alilifikisha ofisini. Jumamosi koti halikuwa kwa Bibi. Basi Jumamosi mtu fulani aliukata uzi wa buluu, akafanya alichofanya, akatia uzi mwingine mahali pale pale, mishono mitatu na fundo la Bibi. Na mkono wake ukachukua rangi ya siku.

Nani amekulia nyumba ile? Bibi. Baba, ambaye alikuwa njiani na lori. Baba mkubwa, aliye siku nzima ya safari. Sindano mwenyewe.

Na mtu mmoja mwenye kucha nyekundu na ufunguo wa kabati la ofisi.

Redio alikuwa anamwangalia. "Umekuwa wa kijivu. Nani?"

Sindano alimwambia. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, Redio alisema kwa sauti ndogo, "Kikulacho ki nguoni mwako. Sasa utamwambia Bibi?"

"Nikimwambia, Shangazi atakataa. Atasema Bibi hata rangi haoni tena." Akalikunja koti. Akatema peremende iliyokuwa mdomoni, akaikanyaga. Alikuwa amekula peremende wiki nzima, mbili kila siku, kutoka mkono ule ule. "Atajisema mwenyewe. Mbele ya watu."

Nyumbani akafungua daftari. Jina la Mvuke akalikata mstari. Chini yake akaandika Shangazi, kalamu ikatoboa karatasi.

*

Jumamosi asubuhi chumba kilijaa maboksi. Shangazi alikuja mapema, amefunga kitambaa kichwani, anapanga vyombo na kuongea. Bibi alikaa kitandani, mikono mapajani, kama mgeni kwake.

Saa tatu Mwalimu Mkuu akabisha hodi, uso mkavu. Sindano alimpelekea barua, maneno machache tu: kuna mtu anataka kukuomba msamaha kuhusu koti. Mvuke naye akaja, aliambiwa meza ya pasi inauzwa. Redio alisimama mlangoni na, kwa kuwa ni Redio, nyuma yake walikuwa wateja wawili wa saluni wenye nywele zilizosukwa nusu kichwa.

"Karibu, Mwalimu, karibu," Shangazi alisema. "Samahani kwa fujo. Mama anapumzika sasa, si unajua, umri."

"Shangazi," Sindano alisema. "Hili shati la fundi baiskeli liliingia Jumanne likasahauliwa, halina alama. Nitilie, mikono yangu ina vumbi."

"Lete, mwanangu." Shangazi akakaa kwenye kigoda, kopo la nyuzi miguuni, akageuza uso kwa Mwalimu Mkuu. "Yaani, Mwalimu, ile siku mimi nilitamani ardhi ipasuke. Mama yangu mzazi! Lakini ndiyo hivyo, macho yakishaanza..." Mkono uliingia kwenye kopo, ukatoka. Sindano ya kushonea ikapita kitambaani mara tatu, fundo, akakata uzi kwa jino. Hakutazama hata mara moja. "Haya, chukua."

Sindano hakulichukua. Alimwonyesha Bibi kwa kidole. "Bibi, uzi huu rangi gani?"

Bibi aliinua macho toka kitandani, hatua tano. "Zambarau. Na mshono wa pili umekaa upande. Kwani vipi?"

"Na Jumanne ni rangi gani, Shangazi?"

"Buluu. Ah!" Shangazi akacheka. "Nimepitiwa. Leo si Jumamosi? Mkono umeenda wenyewe."

"Mkono umeenda wenyewe," Sindano alirudia. "Kama Jumamosi iliyopita."

Akavuta kitambaa kilichofunika meza. Koti lilikuwa limelala hapo, vipande sita, limegeuzwa bitana juu. Kicheko cha Shangazi kikafa.

"Mwalimu, uzi uliokata ni huu?"

Mwalimu Mkuu aliinama. "Ndiyo. Zambarau. Naukumbuka."

"Ulileta koti lako Jumanne. Bibi aliweka buluu. Mimi nililipeleka Ijumaa, nikampa Shangazi mkononi."

Bibi aliinuka. Alikuja mpaka mezani, akashika kile kipande cha kola, akalisugua lile fundo kwa kidole gumba.

"Fundo lako," alisema. "Nilikufundisha mwenyewe, ulikuwa na miaka sita. Ulilia ukisema halikazi."

"Mama, ngoja nikueleze..."

"Eleza."

Ilitoka vipande vipande. Kulikuwa na harusi ya rafiki yake Jumamosi ile. Koti liko kabatini, jeupe, zuri, ufunguo anao. Atalivaa saa mbili tu, nani atajua. Likamwagikiwa na soda. Akalifua, akalipiga pasi, simu ikalia. Aliporudi mgongo ulikuwa umeshaungua.

"Na Jumatatu," Mwalimu Mkuu alisema, sauti nyembamba kama waya, "wewe ndiye ulinishikia koti kutoka nyuma nikavaa. Ukanipangusa mabega. Ukaniambia nimependeza."

Shangazi alifunika uso.

"Nilitaka kukuambia, Mama. Kweli."

"Lini?" Bibi aliuliza. "Nikishakuwa kipofu kwenye chumba chako? Ungenishika mkono kunipeleka chooni, na mimi nakushukuru?"

Mmoja wa wale wenye nywele nusu alisema, "Salaaale," na mwenzake akampiga kiwiko.

"Leo hii nakufukuza kazi," Mwalimu Mkuu alianza.

"Usimfukuze," Bibi alisema. Kila mtu akamgeukia, Shangazi akainua uso kwa matumaini. "Akifukuzwa atakwenda kulala. Hiyo si adhabu, hiyo ni likizo." Sauti ile ya kugombana na mawingu ilikuwa imerudi. Akamtazama mjukuu wake. "Wewe ndiye umemkamata. Sema."

Sindano alikuwa na adhabu kumi na moja kwenye daftari. Nyingine zilikuwa na siafu. Lakini alipoangalia koti lile la chaki hakuhitaji kufungua.

"Jumatatu, paredi. Alivae hili, kama lilivyo. Apande jukwaani, ageuke, shule nzima iuone mgongo wake. Halafu aseme nani aliunguza."

"Mbele ya watoto?" Shangazi alinong'ona. "Sindano, mwanangu, mimi ni shangazi yako!"

"Na yule aliyechekwa mbele ya watoto ni mama yako."

Mwalimu Mkuu aliliangalia lile koti, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile mdomo wake ukacheza pembeni. "Nitapiga kengele mapema," alisema. Halafu akamgeukia Mvuke. "Na wewe, shuka zangu zirudi kwa huyu mama."

"Nilijua tu," Mvuke alisema. "Wiki nzuri namna ile haiwezi kuwa yangu."

*

Jumatatu Shangazi alipanda jukwaani. Koti halikuwa na mikono wala mbele, lilining'inia kwa kamba mbili mabegani. Aligeuka. Watoto mia sita waliiona pasi.

"Niliunguza mimi," alisema, anaongea na ukuta. "Mama yangu hakuunguza. Nilimsingizia."

"Sauti!" alisema mwalimu wa hesabu, kifutio mkononi.

Ikabidi arudie. Kicheko kikaanza kwa chekechea kikapanda mpaka darasa la saba, na Sindano alicheka kuliko wote, alicheka mpaka mbavu zikamshika. Ilikuwa tamu. Asikudanganye mtu kwamba haikuwa tamu. Ila katikati ya kicheko aliona mabega ya Shangazi yanatetemeka, na kwa nyuma mabega yale yalikuwa ya Bibi kabisa, mapana, moja limeshuka kidogo. Akaacha kucheka kabla ya wengine. Si kabla sana.

Mchana alikimbia nyumbani, begi likimpiga mgongoni. Bibi alikuwa mezani, pasi ya moto, mlima wa shuka za bweni nyuma yake. Hakwenda shuleni. Alisema ana kazi.

"Alisema?" Bibi aliuliza bila kuinua kichwa.

"Alisema. Mara mbili."

"Alilia?"

"Alilia."

"Vizuri." Bibi alipitisha pasi kwenye pindo la shuka, akalirudia pindo lile lile, ingawa lilikuwa limenyooka tayari. "Na wewe ulicheka?"

Sindano alifikiria kudanganya. "Nilicheka."

"Na mimi ningecheka," Bibi alisema. Akasimamisha pasi kwa kitako chake, akafuta macho kwa mkono wa gauni, haraka, kama mtu aliyeingiwa na mvuke. "Ndiyo maana sikwenda. Haya, shika ncha ile pale, tukunje."